Seva bila daftari

Kuna sentensi moja ambayo kila mkazi wa Dar anaijua hata kama hajawahi kugusa kompyuta: "Mtandao uko chini." Unaambiwa benki. Unaambiwa hospitali ukiwa umeshika kiuno kwa maumivu. Unaambiwa dirishani unapotaka kontroo namba ili ulipe ada ya mtoto. Anayekuambia hakuangalii usoni, na wewe huulizi kitu, kwa sababu sentensi hiyo imeshakuwa kama taarifa ya hali ya hewa. Mvua inanyesha, mtandao uko chini, kaa kwenye benchi.

Mimi nasema tuanze kuuliza. Mtandao upi? Umeshuka kwa sababu gani? Na nani anajua jinsi ya kuupandisha?

Wakati mwingine tatizo ni umeme, tunajua. Wakati mwingine ni nyaya za baharini, kama ilivyokuwa 12 Mei 2024, EASSy na Seacom zilipokatika siku moja na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Ninalotaka kuzungumzia leo ni wakati ule ambapo umeme upo, waya upo, seva ipo, ila anayejua kilichomo ndani ya hiyo seva hayupo. Kaacha kazi. Kaenda masomoni. Kapata mshahara mzuri Nairobi. Ameondoka na kichwa chake, na humo kichwani ndimo ulimokuwa mfumo wenu.

Watu wa mjini wanaijua Chamazi kwa uwanja wa Azam. Sisi wakazi tunaijua kwa mapagale, tofali na mafundi. Ukitaka kuelewa habari ya seva, njoo huku uangalie nyumba zinavyojengwa. Fundi umeme anakuja, anachimba ukuta, anapitisha nyaya, plasta inapigwa, anachukua chake, anaondoka. Miaka mitatu baadaye unataka kutoboa ukuta utundike picha ya harusi. Waya unapita wapi? Hakuna ajuaye. Namba ya fundi haipatikani. Unatoboa huku unasali.

Seva za ofisi zetu, kwa nilivyoona na kusikia katika kazi hii ya kuandika, nyingi zimejengwa namna hiyo hiyo.

Tueleweshane kwanza, maana si kila anayesoma hapa ni mtu wa IT. Seva ni kompyuta tu, ila haina mtu aliyekaa mbele yake. Nyingi duniani zinaendeshwa na mifumo ya ukoo wa Unix: Linux ya aina mbalimbali, FreeBSD na jamaa zao. Seva mpya ni kama nyumba tupu. Ili ifanye kazi lazima uingize programu: ya kuhudumia tovuti, ya kutunza data, ya kutuma barua pepe. Programu hizo huja katika vifurushi. (Si vile vya MB vinavyoisha kabla ya wiki kuisha. Vifurushi vya programu.) Kwenye Debian na Ubuntu unaviita kwa amri ya apt, kwenye Red Hat kwa dnf, kwenye FreeBSD kwa pkg. Unaandika amri moja, kifurushi kinashuka na vyote kinavyovitegemea, kazi imekwisha.

Raha sana. Kwa seva moja.

Sasa fikiria una seva ishirini. Fundi anaingia ya kwanza, anaandika amri. Anaingia ya pili, anaandika. Akifika ya tisa simu inaita, mkubwa anataka printa yake irekebishwe. Anarudi, anaendelea na ya kumi na moja. Ile ya kumi? Imesahaulika, na hakuna atakayejua mpaka siku itakapoleta balaa. Juu ya hapo kuna yale marekebisho madogo madogo: faili limebadilishwa mstari mmoja usiku wa manane ili mambo yaende. Kesho yake mambo yanaenda. Mstari ule haukuandikwa popote.

Niliwahi kufanya kazi katika chumba cha habari kimoja, jina si muhimu. Diski ya seva ya tovuti ilikufa siku ya Ijumaa. Bakapu ya habari na picha ilikuwepo, tena nzuri. Kilichokosekana ni maelezo ya jinsi seva ilivyokuwa imepangwa: programu zipi, matoleo gani, mafaili yapi yaliguswa. Kijana aliyeipanga alikuwa msibani kijijini ambako simu inashika ukipanda kilimani. Tovuti ilirudi Jumanne. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyeingiliwa na wadukuzi, na kijana hakuwa mzembe. Alipewa seva, hakupewa daftari, na hakuna bosi aliyewahi kumuuliza kama analo.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wanazungumzia biashara, lakini mimi naona walikuwa wanawazungumzia wasimamizi wa mifumo.

Msije mkadhani hili ni tatizo la umaskini wetu. Mfano mkubwa kuliko yote umetoka Marekani. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Knight Capital, iliyokuwa miongoni mwa madalali wakubwa wa hisa nchini humo, ilifungua soko ikiwa na programu mpya. Programu ile ilitakiwa kuwekwa kwenye seva nane. Fundi aliiweka kwenye saba. Ya nane ikabaki na programu ya zamani, yenye sehemu iliyokuwa imelala kwa miaka, na asubuhi ile ikaamka na kuanza kununua na kuuza hisa kama mwendawazimu. Ndani ya dakika 45 hivi kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 440. Mwaka uliofuata haikuwa tena kampuni inayojitegemea. Wasimamizi wa soko la mitaji walipochunguza walikuta hakukuwa na mtu wa pili aliyekagua kazi ya yule fundi, wala utaratibu wa maandishi uliodai akaguliwe.

Seva moja kati ya nane! Na hao walikuwa na fedha, umeme usiokatika, na wataalamu waliosoma vyuo vinavyotajika. Walichokosa ni kile kile kilichokosekana kwenye ule ukuta wa Chamazi.

Dawa ipo, tena ni ya siku nyingi. Mwaka 1993 mwanafizikia aitwaye Mark Burgess, akiwa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, alichoka kuhangaika na kompyuta za Unix za aina tofauti tofauti, kila moja na tabia zake. Akatengeneza programu aliyoiita CFEngine. Baadaye wakaja wengine: Puppet ya Luke Kanies mwaka 2005, Chef mwaka 2009, Ansible ya Michael DeHaan mwaka 2012. Fani yenyewe tunaweza kuiita usimamizi wa usanidi. Jina zito, jambo jepesi.

Jambo lenyewe ni hili. Badala ya kuiambia seva ifanye nini, unaandika iwe katika hali gani. Utaona tofauti ukifikiria swichi ya taa ukutani, ya kubonyeza. Ukimwambia mtoto "bonyeza swichi", akabonyeza, taa inawaka. Akija mwenzake akatii amri hiyo hiyo, taa inazimika. Lakini ukiwaambia "taa iwe inawaka", wa kwanza atabonyeza, wa pili ataangalia, ataona inawaka, ataondoka zake. Unaweza kurudia agizo mara mia, nyumba haiharibiki.

Kwa hiyo unaandika faili la maandishi ya kawaida ambalo kwa lugha yetu lingesomeka hivi:

Katika seva zote za tovuti, nginx iwepo.
Iwe inafanya kazi.
Umeme ukirudi, iwake yenyewe.
Faili la mipangilio lifanane na hili hapa.

Basi. Unaendesha agizo hilo, nalo linapita seva zote, ziwe tano au mia tano. Penye nginx linapita kimya. Pasipo na nginx linaiweka. Mwisho linakuletea ripoti: hizi hazikuguswa, hizi zimebadilishwa, hii imekataa. Ile ya kumi haiwezi kusahaulika kwa sababu ya simu ya printa. Puppet ina mtumishi wake anayekaa ndani ya kila seva na kwa kawaida anakagua kila baada ya dakika 30. Ansible haiweki mtumishi; inaingia kwa SSH, njia ile ile ya siri ambayo mafundi huitumia kila siku, inafanya kazi, inatoka. Zote mbili zina matoleo huria ambayo huyalipii hata senti.

Watu wengi wakieleza zana hizi wanasifia kasi. Kweli kasi ipo. Lakini mimi, kama mtu wa maneno na siyo mtu wa mashine, nadhani kasi ni faida ya pili. Faida ya kwanza ni kwamba kilichokuwa kichwani mwa mtu mmoja sasa kimeandikwa. Kinasomeka. Kinaweza kukaguliwa na mwenzake kabla hakijaenda kazini. Kinatunzwa kwenye Git, kwa hiyo utajua nani alibadilisha mstari upi, lini na kwa nini. Na daftari hili halifanani na yale tunayoandika siku ya ukaguzi kisha yanaliwa na vumbi, kwa sababu seva yenyewe inajengwa kutokana nalo. Mradi mafundi wote wapitie humo, ukilisoma umeisoma seva.

Kama unadhani hizi ni hadithi za ughaibuni, tusogee karibu. Taarifa za vituo vyetu vya afya, idadi ya wajawazito waliohudhuria kliniki, watoto waliochanjwa, wagonjwa wa malaria, zinakusanywa kupitia mfumo unaoitwa DHIS2. Kenya iliusambaza nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania inautumia pia, huku Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwa mshiriki wa miaka mingi. Mfumo huu unaratibiwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo, chuo kile kile kilichozaa CFEngine. Dunia ndogo!

Kusimamisha seva ya DHIS2 si amri moja. Unahitaji Java, Tomcat, hifadhidata ya PostgreSQL, nginx mbele yake, vyeti vya usalama, bakapu, ulinzi wa milango. Ukikosea kimoja, ama mfumo haupandi, ama unapanda ukiwa wazi kwa kila mpita njia. Na waliomo humo ni watu, si mashine. Ndiyo maana mradi wenyewe unatoa bure maagizo ya Ansible ya kuusimamisha juu ya Ubuntu. Mhandisi wa Dodoma na wa Kampala wanaweza kuanza na karatasi moja, wakaisoma, wakaibadilisha inapobidi. Kwa maneno mengine, hatuhitaji kuomba ruhusa wala kusubiri mfadhili ili tuanze. Kazi kubwa imeshafanywa na imewekwa mezani.

Hapa wapo watakaonipinga, na hoja zao nazijua.

Wa kwanza atasema: zana hizi zinakula ajira za vijana. Ndugu yangu, kijana anayeshinda usiku kucha akiandika amri ile ile kwenye seva ishirini hana ajira, ana adhabu. Hawezi kwenda likizo, na hawezi kupanda cheo kwa sababu ofisi inaogopa kumgusa. Akiugua, wote mnaugua. Ninajua baadhi ya mafundi wanapenda iwe hivyo. Kuwa peke yako unayejua ni kinga ya mkate. Siwalaumu sana, maana ofisi nyingi humthamini fundi siku ya moto tu. Lakini taasisi ya umma haiwezi kukubali kinga ya mkate wa mtu mmoja iwe hatari kwa mamia wanaosubiri kwenye benchi.

Wa pili atasema: ukijiendesha haraka utakosea haraka. Huyu namheshimu, ana hoja. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike ilisambaza sasisho lenye kasoro na kompyuta zipatazo milioni 8.5 za Windows zikaanguka siku moja; ndege hazikuruka, hospitali zikahangaika. Hizo hazikuwa Unix, lakini somo ni moja: agizo baya likienda kote kwa mpigo, maafa nayo yanaenda kote kwa mpigo. Jibu siyo kurudi kwenye kazi ya mkono. Mpishi hamwagi chumvi yote kabla ya kuonja. Unaanza na seva ya majaribio, kisha moja ya kweli, kisha tano, ndipo zote. Zana hizi zinaruhusu hivyo. Knight walizama kwa kukosa mpangilio, CrowdStrike wakazama kwa kukosa kuonja. Kazi nzuri inahitaji vyote viwili.

Wa tatu ndiye wengi wetu: "Sisi tuna seva mbili tu, hayo ni ya Google." Hapana. Mwenye seva elfu akipoteza moja hata hasikii. Mwenye mbili akipoteza moja amepoteza nusu ya ofisi. Daftari analihitaji zaidi yeye.

Na wa nne: "Utaalamu hatuna." Hii sikubali kabisa. Tangu mwaka 2000 wahandisi wa mitandao wa Afrika, kupitia AfNOG, wamekuwa wakifundishana kusimamia seva za Unix, mji baada ya mji, na mwaka 2011 mafunzo hayo yalifanyika hapa hapa Dar es Salaam. Vijana wanaojua wapo. Wasiojua ni wale wanaosaini mikataba.

Niseme na jambo la lugha, maana mnanijua. Katika Ansible kila hatua inaweza kupewa jina, na jina hilo linaonekana kwenye skrini kazi inapoendelea. Hakuna sheria inayosema jina hilo liwe la Kiingereza. Unaweza kuandika "Hakikisha bakapu ya usiku ipo" na mashine haitalalamika. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, wakati wengi wakicheka kwamba lugha hii haiwezi kukaa ndani ya kompyuta. Ilikaa. Basi na daftari la seva likae kwa Kiswahili pale inapofaa, ili hata mkurugenzi asiye wa IT aweze kulisoma na kuuliza swali la maana. Ubuntu yenyewe inayoendesha seva hizi imebeba neno la ndugu zetu wa kusini, utu wetu sisi. Tutaonaje aibu?

Sasa tufanye nini? Sina sera ndefu. Tunayo Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, tunayo mamlaka yake. Ninachopendekeza ni mstari mmoja kwenye kila mkataba wa mfumo unaolipiwa kwa kodi yetu: mkandarasi akabidhi siyo mfumo unaofanya kazi tu, bali pia maagizo ya maandishi yanayoweza kuujenga upya kwenye seva tupu, na ayaendeshe mbele ya mteja kabla ya kulipwa fungu la mwisho. Ukijenga nyumba huku Chamazi hukabidhiwi ufunguo bila kuwasha taa na kufungua bomba. Kwa nini mfumo wa mabilioni ukabidhiwe kwa kuangalia picha kwenye projekta?

Na vifurushi vinavyotumika vihifadhiwe nakala hapa nchini. Maagizo mazuri yanayotegemea kila kitu kishushwe kutoka Ulaya yatakwama siku nyaya za baharini zikikatika tena, tena siku hiyo ndiyo utakayoyahitaji.

Kwa waandishi wenzangu nina ombi. Tumezoea kuandika "huduma zilisimama kwa saa kadhaa kutokana na hitilafu ya kimtandao" kisha tunahamia habari nyingine. Hitilafu ya kimtandao siyo maelezo, ni pazia. Msemaji akilitaja, muulize maswali matatu. Seva hii ikifa leo, itachukua muda gani kujengwa upya? Maagizo ya kuijenga yameandikwa wapi? Mara ya mwisho mliyajaribu lini? Huhitaji kujua Linux ili kuuliza. Akijibu kwa tarehe na saa, mpe pongezi, anastahili. Akianza kukuambia habari za "wataalamu wetu wanalifanyia kazi", umepata kichwa cha habari.

Nawasilisha. Wenye fani yenu nikosoeni, ila mnikosoe kwa maandishi.